Mnaniuliza kijiwe cha huku kiko wapi

Salaam kwa wote wa Mapipa. Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na yale maneno ya pembeni mliyodhani hayajarekodiwa. Mmeniuliza mambo mawili. La kwanza, jioni nikitoka kazini nakaa kijiwe gani, maana tangu niondoke hamjawahi kuona picha nimekaa na watu barazani. La pili, kwa nini harusi ya yule kijana wetu ilifanyika kwenye ukumbi ulioshikana na gereji ya magari ya zimamoto, kwani Marekani nzima imekosa kumbi? Mkaongeza kwamba nisiwapige kamba. Haya.

Sina kijiwe. Mji huu wa Buffalo, jimbo la New York, una watu zaidi ya laki mbili na nusu, na sina mahali ambapo nisipoonekana siku tatu mtu atauliza nimepatwa na nini, ukiacha kazini, na kazini wanaulizia zamu yangu, hawaniulizii mimi. Mimi nilidhani ni kwa sababu ni mgeni. Kumbe wenyeji nao hawana, na wao walikuwa navyo tele. Haya nimeyajua kwa wazee ninaowahudumia.

Kazi yangu mnaijua: nyumba ya wazee, mara nyingi usiku. Kuogesha, kugeuza, kubadilisha shuka, kupeleka maji. Saa nane za usiku mzee aliyekosa usingizi anataka mtu wa kuongea naye, na wazee wa Buffalo wakianza kuongea hawaanzi na watoto wao. Wanaanza na bolingi.

Kwa msioijua, ni mchezo wa kuviringisha tufe zito lenye matundu ya vidole kwenye njia ya mbao yenye urefu wa futi 60, mwishoni zimesimama pini kumi. Ukiangusha zote kila unapotupa, unamaliza na alama 300. Sisi tuliuona kwenye sinema tukajua ni starehe ya matajiri. Si kweli. Ulikuwa mchezo wa makuli na mafundi. Upande wa mashariki wa mji, walikojazana watu wa asili ya Poland, ukumbi wa bolingi ulikuwa kila baada ya mitaa michache. Nyingine zilikuwa na njia mbili tu, chini ya baa au chini ya kanisa. Watu walifanya kazi kwenye reli, kwenye maghala ya nafaka, au kiwanda cha chuma cha kampuni ya Bethlehem kule Lackawanna, na kila idara ya kiwanda ilikuwa na timu yake. Shati limedariziwa jina kifuani, jina la kiwanda au la duka la nyama mgongoni. Jumatatu wa tanuru, Jumanne akina mama wa parokia, Alhamisi wa reli. Kituo cha televisheni cha hapa kilikuwa na kipindi cha mashindano ya bolingi, na mshindi akipita sokoni anajulikana kama wachezaji wa Simba na Yanga wanavyojulikana hapo. Mzee mmoja husahau kama amekula, lakini ukimtajia mchezaji Allie Brandt wa mji wa Lockport anakaa wima kitandani. Mwaka 1939 huyo alipata alama 886 kwa michezo mitatu, na rekodi hiyo ilikaa miaka 50.

Mwingine alikuwa mpanga pini. Kabla ya mashine, kila njia ilikuwa na kijana amekaa juu ya ubao kule mwisho, miguu ameikunja isivunjwe. Tufe linakuja, pini zinaruka kila upande, yeye anashuka shimoni, anaokota mbilimbili kila mkono, anazisimamisha, analirudisha tufe kwenye reli yake, anapanda tena kabla mlevi wa upande wa pili hajatupa lingine bila kungoja. Hodari alihudumia njia mbili kwa wakati mmoja. Malipo yalikuwa senti kwa kila mchezo, na mchezaji mwenye moyo alitelezesha sarafu kwenye njia ikamfikia huko huko. Huyu mzee ana kovu kwenye muundi wa mguu wa kulia, na kila nikimvalisha soksi lazima anionyeshe, kana kwamba jana sikuliona. Mashine ya kwanza iliyopanga pini yenyewe ilizinduliwa hapa hapa Buffalo mwaka 1946, kwenye mashindano ya taifa. Alikuwa kijana mdogo. Anasema watu walipiga makofi, yeye akaenda nje kuvuta sigara.

Sasa kumbi. Broadway, mtaa mkuu wa Wapolandi, kulikuwa na jumba lao liitwalo Dom Polski: mikutano, maktaba, tamthilia, dansi. Mbali na hilo, karibu kila parokia ilikuwa na ukumbi wake, na baa nyingi zilikuwa na ukumbi ghorofani. Bibi mmoja alinisimulia harusi yake usiku kucha, na mimi nikachelewesha chai ya watu wengine wanne. Misa asubuhi. Kisha ukumbini, akina mama wa mtaa wameshapika tangu juzi: soseji, kabichi, kuku, mikate. Hakuna aliyeleta kadi mlangoni, mtaa mzima ndio ulioalikwa. Bendi ya muziki wa polka, jasho, watoto wamelala juu ya makoti. Ikifika saa sita za usiku wanawake wanamzunguka bibi harusi, wanamvua shela, wanamfunga aproni, kuanzia hapo ni mke wa mtu. Wanaume wanapanga foleni, kila anayetaka kucheza naye duru moja anatia hela kwenye aproni.

Nikamwambia, bibi, hayo kwetu ni kutunza. Akataka nimwonyeshe. Nikachukua karatasi ya kufutia mikono, nikaikunja vizuri, nikambandika kwenye paji la uso kama noti ya elfu kumi. Alicheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kuona kuna nini.

Lakini mmesema nisiwapige kamba, kwa hiyo msije mkadhani kila mzee wa humu ana kumbukumbu tamu. Chumba cha pili kutoka kwa huyo bibi kuna mama Mmarekani mweusi. Nilimwuliza siku moja kwa uchangamfu wangu, na wewe ulicheza wapi? Akaniangalia kwa muda. Chama cha taifa cha bolingi kilikuwa na sheria iliyosema wanachama ni wanaume weupe tu. Iliwekwa mwaka 1916 ikafutwa mwaka 1950. Weusi wakaanzisha chama chao Detroit mwaka 1939, wakacheza kwao. Huyu mama anachokikumbuka ni Humboldt Parkway, barabara pana yenye miti mistari kwa mistari iliyopangwa na Olmsted, msanifu yule yule wa bustani kubwa ya jiji la New York. Familia za weusi zilijenga maisha pale, Jumapili watu wakitandika mablanketi chini ya miti. Ikaja miaka ya 1960, miti ikakatwa, nyumba zikabomolewa, ikachimbwa barabara ya magari ya kasi namba 33 ili waliohamia vitongojini wafike mjini upesi. Mimi huipita nikienda kazini. Ni shimo refu la zege. Kwa hiyo mkisikia mtu wa huku anasema zamani tuliishi kama ndugu, mwulizeni kwanza ni ninyi akina nani.

Mbona vijiwe vya huku vilikufa? Watu husingizia televisheni na simu, na sisi tunaitikia kwa sababu ni rahisi. Mimi nina maoni yangu, nayo yametoka kwenye ratiba yangu ya kazi.

Buffalo ilikuwa na watu 580,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 ilikuwa na 278,000. Meli za nafaka zilipata njia nyingine mwaka 1959, reli ikapoa, na ile stesheni kubwa ya upande wa mashariki, mnara wake unaonekana kutoka mbali, ikaona treni yake ya mwisho mwaka 1979. Mwaka 1983 Bethlehem wakazima sehemu kubwa ya kiwanda. Waliobaki na kipato wakanunua gari na nyumba kitongojini, Cheektowaga na kwingineko. Ukumbi wa chini ya baa ungeishi vipi?

Ila kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonigusa mimi. Ligi ya bolingi inataka usiku ule ule mmoja, kila wiki, kuanzia Septemba mpaka Aprili. Ukikosa, timu inapungukiwa mtu. Na mwenye ukumbi aliishi kwa ligi, kwa sababu wao ndio walijaza njia zake Jumatatu hadi Alhamisi. Hao wa kuja na watoto Jumamosi mvua ikinyesha hawamlipii umeme. Kati ya mwaka 1980 na 1993 Wamarekani wanaocheza bolingi waliongezeka kwa asilimia 10, na wanaocheza kwenye ligi wakapungua kwa asilimia 40. Maana yake mchezo haukuchukiwa. Kilichopotea ni watu wenye Jumanne moja inayofanana. Kiwanda kilikuwa kigumu na kilikula vidole vya watu, lakini zamu yake uliijua mwaka mzima. Mimi ratiba yangu inaingia kwenye simu siku chache kabla ya wiki kuanza. Mwenzangu wa kazini alinikaribisha kwenye timu yao mwaka jana, ukumbi mmoja mdogo ambao bado uko hai. Nilitaka kweli. Nikaangalia simu, nikamwambia labda. Kuna Wamarekani wengi wanaoishi kwa hilo neno labda, si sisi wageni tu.

Na kiwanja chenyewe ni kishawishi. Jengo la bolingi ni pana, halina ghorofa, lina maegesho makubwa. Mwenyewe akizeeka, anakuja mtu wa duka la dawa na hela yake. Mbao za njia zile huwa haziharibiki. Ni mepo na msonobari, nene, zimepigwa misumari ubavuni, kwa hiyo hukatwa zikauzwa. Nimewahi kulia chakula kwenye mgahawa ambao meza zake zilikuwa na ile mishale midogo ya kulengea, imelala chini ya sahani yangu. Mhudumu alisema wateja wanaipenda sana.

Tukija kwenye harusi. Kumbi za mtaa zikiondoka, zilizobaki ni hoteli, ambazo bei yake ingetosha kufanyia harusi tatu Mwembechai, na kumbi za zimamoto. Msicheke. Vitongojini huku zimamoto wengi ni wa kujitolea, wana chama chao na jumba lao, na hukodisha ukumbi ili wapate hela za kuendesha shughuli. Ni safi, una jiko, una maegesho. Lakini unaleta karatasi ya bima, unaweka dhamana, na jiko lile unapashia tu, hupikii. Pilau likapikwa nyumba tatu tofauti likaletwa kwenye masufuria yaliyofungwa mablanketi ndani ya buti la gari, kuna theluji. Saa tano na nusu mtu mwenye funguo akasimama mlangoni amekunja mikono. MC wetu alikuwa ndiyo kwanza anawaita mawifi. Harusi iliisha na mawifi wamesimama.

Na nisiwafiche, kukosa kijiwe si suala la kukosa stori tu. Krismasi ya mwaka 2022 ilipiga tufani ya theluji, watu zaidi ya 40 wakafa katika wilaya hii, wengine ndani ya magari, wengine ndani ya nyumba zao. Mtaani kwangu nyumba tulizogonga ni zile tunazozijua. Sikuzijua nyingi.

Wapo wanaorudi, siku moja. Jumatatu ya Pasaka wajukuu wa Wapolandi wanashuka upande wa mashariki kwa maelfu, wanarushiana maji, wanachapana vijiti, wanacheza polka Broadway, jioni wanapanda magari. Nyumba walizoacha sasa zinanunuliwa na Wabangladeshi kutoka jiji la New York. Kanisa la Queen of Peace pale mtaa wa Genesee leo ni msikiti, na Ijumaa hakuna pa kuegesha. Watu wa Genesee wameelewa kitu: wamenunua jengo kwanza, wakakaa karibu nalo, hata mwenye zamu mbaya anapita na kukuta mtu.

Sisi Waswahili tuko upande wa magharibi na tumetawanyika. Grant Street utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha makambi ya Dadaab ndani ya duka moja, lakini kila mtu ananunua unga anaondoka, gari liko kwenye maegesho ya kulipia. Tuliwahi kufungua kundi la simu tupate usiku mmoja wa kukutana. Mwenye Jumatatu anafanya kazi Jumamosi, mwenye Jumamosi ana watoto, madereva hawajui lolote hadi asubuhi. Kundi lipo bado. Linatumika kutangaza misiba.

Dogo anayejaza fomu za bahati nasibu ya viza, ukipata njoo, sikukatazi. Kodi yangu nalipa na mama anapata dawa zake kila mwezi. Ila ukipewa kazi, kabla hujauliza kwa saa wanalipa shilingi ngapi, uliza ratiba inatoka lini na nani anaibadilisha. Mimi sikuambiwa niulize.

Kuna Wakongo wamekodi chumba cha kanisa, Jumapili alasiri, wanapika, wanacheza karata, hakuna mahubiri. Wamenialika mwezi ujao. Nimemwomba Mnepali mmoja tubadilishane zamu, kakubali, ingawa tayari ananidai Jumapili mbili.