Jibu: Chujio la vumbi lipo kwenye kiwanda cha kuyeyusha metali, mbona floridi bado inatoka?
Mkuu, chujio la mifuko linakamata chembe tu. Floridi inayokutoroka ni hidrojeni floridi, nayo ni gesi, inapenya kitambaa bila shida. Kwa seli za alumini, yaani vyungu vya umeme vya kuzalishia alumini, zinazofanya kazi karibu nyuzi 960 za Selsiasi, dawa ni alumina yenyewe, ule unga unaotengenezewa alumini: unapuliza unga wake ndani ya moshi kabla haujafika kwenye mifuko, gesi inaung'ang'ania, kisha unga huo unarudi kwenye seli na floridi yake. Kwa tanuri la chuma linalotumia floraspa (madini yenye floridi), puliza chokaa kwenye moshi badala ya alumina. Ila anza na vifuniko vya seli! Kifuniko kikiachwa wazi baada ya kubadilisha anodi (kipande cha kaboni kinachoingiza umeme kwenye seli), moshi unaishia ukumbini, hata bombani haufiki. Malighafi nayo iwe kavu. Unyevu ukikutana na floridi iliyoyeyuka ndio huzaa gesi hiyo.