Mleta uzi, usitoe maksi kwa wingi wa animesheni

Futa hilo zoezi. Kabla hujalichapisha, kabla hujamwonyesha mwalimu wa taaluma, lifute.

Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani sijaelewa. Kidato cha Pili, wanafunzi wawili wawili kwa kila kompyuta, kila jozi slaidi sita, na kila slaidi iwe na "efekti tofauti zisizopungua tano, bila kurudia", yaani namna za kufanya maandishi na picha zisogee, zidunde au zizunguke. Halafu unauliza watumie programu ipi, vipindi vingapi vinatosha, wenye simu nyumbani wamalizie huko au hapana, na maksi uzigawe vipi. Mkuu, hayo mengine yana majibu. Hiyo "zisizopungua tano, bila kurudia" ndiyo itakayokuumbua mbele za watu. Mimi niliwahi kuandika sentensi inayofanana na hiyo kama pacha, na yaliyonikuta naandika hapa chini kwa ajili yako, maana wenzako waliokujibu juu wote wamekuambia "wazo zuri mwalimu, hongera".

Sentensi yenyewe sikuitoa kichwani. Niliipata kwa mwezeshaji mmoja wa semina ya TEHAMA, wale wanaofungua na "walimu oyee". Asubuhi nzima alituonyesha orodha: kitu kinaingia kikizunguka, kitu kinaingia kikidunda, kitu kinatoka kikipaa. Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, na msinicheke, maana nyie ndio wenye video za harusi zenye mioyo inayopepea. Jioni akatugawia mwongozo wa kusahihisha: aina 10 za efekti, maksi 10. Yaliyomo, maksi 5. Ukumbi mzima wa walimu, hakuna aliyenyanyua mkono kuuliza mwanafunzi anayelijua somo lakini hajarusha kitu hewani anapata ngapi. Bwana yule akasaini posho akaenda zake, na adapta ya projekta yetu haikuonekana tena. Simtuhumu mtu. Nasema tu haikuonekana.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba alitufundisha menyu akatuambia ni somo. Menyu mtoto anaimaliza wakati wewe bado unatafuta waya. PowerPoint, hiyo programu ya kutengenezea slaidi, ilipotoka mwaka 1987, kwa kompyuta za Macintosh, ilikuwa ya kutengenezea kurasa nyeusi na nyeupe za kuweka kwenye zile mashine za kumulika plastiki ukutani. Hakuna herufi iliyodunda, na watu walielewana.

Sasa siku ya wazazi. Tuliunganisha Biolojia na TEHAMA, kundi moja likapewa mzunguko wa damu, na kwa kuwa wazazi wanakuja tukaamua slaidi ziwe kwa Kiswahili. Kichwa cha slaidi ya kwanza: MZUNGUKO WA DAMU KATIKA MWILI WA BINADAMU. Herufi 35, nilizihesabu baadaye kwa hasira. Kijana wetu alikuwa ameweka Bounce, herufi moja moja, kila herufi sekunde 2, na inayofuata haianzi mpaka iliyotangulia itue. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 70 za kichwa cha habari peke yake, na kundi lina dakika 5. M ikadunda. Z ikadunda. Mgeni rasmi akaanza kusoma ratiba. Tulipofika kwenye KATIKA wazazi wa nyuma walikuwa wanazitaja herufi kwa sauti, wote pamoja, wanazikaribisha moja moja. Kijana akapaniki, akabonyeza kipanya mfululizo ili zikimbie. Programu haikimbii hivyo. Kila mbonyezo ikauhesabu kuwa amri, ikarukia mbele, na tulipokuja kushtuka tuko slaidi ya nne na hakuna aliyeona ya pili wala ya tatu.

Ya nne ndiyo slaidi ya moyo. Ukiifungua upande wa kuhariri, kila kitu chenye animesheni kinawekewa kinamba kidogo pembeni kuonyesha zamu yake. Kwenye ile slaidi vinamba vilikuwa vimerundikana mpaka moyo wenyewe huuoni. Kila mshale kliki yake, kila jina la mshipa kliki yake. Na kwa sababu nilikuwa nimesema "bila kurudia", walikuwa wanahangaika kutafuta efekti ambayo haijatumika badala ya kuangalia nani atangulie nani. Basi mshale wa damu ukatoka ventrikali ya kulia (chumba cha chini cha moyo), ukajiviringisha, ukaenda mwilini.

Mama mmoja, muuguzi, akanyoosha mkono kwa upole kabisa. "Mwanangu, hiyo damu imetoka kulia imekwenda mwilini moja kwa moja. Mapafu yako wapi?"

Kijana akasema, "Mapafu yanakuja kliki inayofuata, mama."

Akabonyeza. Mapafu yakaingia yanazunguka, na sauti ya Cash Register, ile ya mashine ya pesa dukani. Krring!

Ukumbi ulivunjika mbavu na mimi nikacheka nao, ungefanya nini. Lakini fungua daftari langu la maksi la wiki ile. Kundi hilo lilikuwa la kwanza. Kwa mwongozo wa mwezeshaji walistahili: efekti 10 kwa 10, na kwenye yaliyomo niliwapa 4 bila hata kufuatilia mshale unaelekea wapi, kwa sababu nilikuwa nahesabu aina. Na kuna binti alifanya kazi peke yake, mwenzake alikuwa mgonjwa. Alichora moyo mmoja, akaweka duara moja linalotembea kwenye njia sahihi: kulia, mapafuni, kushoto, aota (mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini). Kila kitu kilichobaki kimetulia. Efekti moja, maksi 1. Yaliyomo 5. Jumla 6 kati ya 15, na nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Ongeza ubunifu." Kazi yake haikuchaguliwa kwenda mbele ya wazazi. Muhula uliofuata aliacha somo la kompyuta akachukua jingine, na nilipomuuliza alisema tu kwamba hana kipaji nalo. Mwanafunzi pekee aliyeelewa animesheni ni ya nini. Kipaji hana!

Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu, na ukiipuuza usije ukaniambia sikukuonya: wawasilishe kwanza bila animesheni. Pale darasa litakapokwama, hapo tu ndipo pawekwe mwendo.

Kwenye PowerPoint nenda Slide Show, kisha Set Up Slide Show, kuna kisanduku kimeandikwa "Show without animation". Weka tiki. Kuanzia hapo hata kama mtoto amejaza madoido usiku kucha, slaidi inatoka ikiwa imetulia yote kwa mara moja. Asimame, aeleze. Wenzake wana ruhusa ya kusema kitu kimoja tu: "sijaona inakwenda wapi" au "sijui nianze kuangalia wapi". Sehemu hiyo aiandike kwenye karatasi. Akimaliza ana sehemu moja, mbili, pengine hana kabisa. Hizo ndizo anazoruhusiwa kuzipa animesheni. Kitu ambacho hakuna aliyekikwamia, hakisogei. Utashangaa pia jinsi kisanduku hicho kinavyofichua uchafu: wale waliorundika picha tatu mahali pamoja wakitegemea moja itoke nyingine iingie, zote zinaonekana zimelaliana. Ndivyo itakavyokuwa pia siku atakapoigeuza kuwa PDF ili mwenzake asome.

Mkuu wa idara yetu alipinga, akasema watoto watachoka, wanapenda vitu vinavyocheza. Wanapenda, sikatai. Richard Mayer, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha California pale Santa Barbara, ametumia miaka mingi kwenye jambo hili, na moja ya kanuni zake inasema watu hujifunza vizuri zaidi ukiondoa yasiyohusika. Slaidi yenye efekti kumi na hoja hakuna ni bodaboda yenye taa za Krismasi na breki imekatika.

Baada ya hapo kufundisha efekti zenyewe kunakuwa kufupi mno. Waonyeshe rangi za zile nyota kwenye orodha: kijani kitu kinaingia, njano kinasisitizwa kikiwa pale pale, nyekundu kinatoka. Kisha njia za kutembea. Kisha namna tatu za kuanza: On Click (ukibonyeza), With Previous (pamoja na kilichotangulia), After Previous (kilichotangulia kikimaliza). Hizi tatu zikae kichwani kuliko efekti yoyote, kwa sababu aibu yetu ya mapafu ilitokana na kuacha kila kitu On Click. Yale mabadiliko ya slaidi moja kwenda nyingine ni menyu tofauti kabisa, wape dakika chache, waambie wachague moja kwa slaidi zote. Morph, inayofanya kitu kihame na kugeuka umbo kutoka slaidi moja hadi nyingine, inavutia, ila akiitengeneza kwenye toleo jipya nyumbani akaja nayo kwenye mashine yako ya zamani, atakuta imegeuka kuwa Fade, kufifia tu, na hadithi yake imepotea.

Ukitaka zoezi, chukua lile la binti yule. Nalitumia kila mwaka. Moyo na mapafu vimechorwa, vimetulia. Duara la bluu liko atria ya kulia (chumba cha juu cha moyo). Mpe Custom Path, achore kwa kipanya kutoka atria ya kulia, ventrikali ya kulia, hadi mapafuni. Alama ya kijani ni mwanzo wa njia, nyekundu ni mwisho. Wengi huchora kinyume na damu inarudi nyuma, waache waione wenyewe. Bluu likifika mapafuni linatoweka, jekundu linatokea palepale, linashuka atria ya kushoto, ventrikali ya kushoto, linatoka kwa aota. Animesheni nne, aina tatu, kliki moja: la kwanza On Click, yaliyobaki After Previous. Anayekosea njia ya damu hawezi kujificha nyuma ya madoido, maana hakuna kingine kinachosogea.

Kwa mishale wape Wipe (inafunua kitu taratibu kutoka upande mmoja) basi. Na waambie ukiiacha ilivyo inaanzia chini, kwa hiyo mshale unaoelekea kulia hautembei, unainuka tu. Waende Effect Options waifanye ianzie kushoto. Kitu kidogo, lakini mtoto akikigundua anaanza kuuliza mwelekeo wa kila kitu, na hilo ndilo unalolitaka.

Maksi sasa. Zile 15: 10 yaliyomo, 3 kujibu maswali wakati slaidi imetulia, 2 animesheni. Hizo 2 anazipata akikuonyesha ile karatasi ya sehemu darasa lilipokwama, na mwendo uko hapo na si kwingine. Mwenye karatasi tupu ambaye hakuweka hata animesheni moja anapata 2 zote. Hapa watakubishia, na wazazi watakubishia, na mwalimu mmoja wa Hisabati kwetu ananibishia hadi leo kwamba namlipa mtoto kwa kutofanya kitu. Simama hapo hapo.

Kuhusu programu ipi: ile iliyopo kwenye mashine zako, mradi ukague mapema unawezaje kuzima animesheni zote kwa pamoja, kwa sababu bila hicho somo la kwanza halianzi. Na usiwafundishe efekti kipindi cha kwanza hata wakikulilia. Kipindi cha kwanza penseli na karatasi, kompyuta zimezimwa.

Spika chomoa kabisa uzifungie ofisini. Kwenye ile orodha ya sauti kuna Drum Roll, kuna Applause, kuna Bomb na kuna Explosion, na nakuapia watakuwa wameipata Explosion kabla hujamaliza kuandika tarehe ubaoni.