Adili na Nduguze, baada ya miaka ishirini na saba

Mwenzetu ameuliza kama inafaa kukirudia kitabu cha hadithi za majini alichokipenda akiwa kidato cha pili, kwa kuwa anaogopa kwamba utamu wake utakuwa umekwisha. Nami nilikuwa na hofu hiyohiyo kuhusu Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, nikakisoma upya mwaka jana.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilikisoma kwenye nakala isiyo na jalada, na mawaidha yote niliyaruka. Nilichokitaka ni jini Huria, mji ambao watu wake waligeuzwa mawe, na safari ya baharini. Sikujua wakati huo kwamba kisa chenyewe kimetoka katika Alfu Lela U Lela, ambamo khalifa Harun al-Rashid anamtuma mtu kutoka Baghdad kwenda Basra kufuatia kodi iliyochelewa, na huyo mjumbe anamwona liwali Abdallah bin Fadhil akiwachapa mbwa wawili usiku, ambao kumbe ni ndugu zake. Shaaban Robert aliziacha Baghdad na Basra, akaweka Ughaibu ya mfalme Rai na Janibu ya liwali Adili, na mbwa akawafanya manyani.

Badiliko hilo la mwisho nililipita bila kulitazama nilipokuwa kijana, lakini safari hii lilinisimamisha. Nimekulia kijijini ambako tulikesha kulinda mahindi, na nilipata kumwona nyani aliyepigwa jiwe akijifunika uso kwa viganja viwili, kama mtoto anayengoja fimbo ya pili. Mbwa hukunja mkia akalia, ila nyani ana mikono. Adili anainua mjeledi juu ya viumbe wenye vidole kama vyake, tena si kwa hasira bali kwa amri ya Huria, na mimi niliyekuwa nikiushangilia ukurasa ule nilikiweka kitabu chini nikaenda kupika chai.

Lazima niseme pia kwamba miaka miwili kabla ya hapo mimi na kaka yangu tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya shamba la marehemu baba. Kwa hiyo niliposoma jinsi Hasidi na Mwivu, wale ndugu wawili wa Adili, walivyorudi mikono mitupu, Adili akawapokea na kuwagawia mali yake, kisha wao wakamtosa baharini, nilijiona mimi ndiye Adili. Raha hiyo haikudumu, maana nilianza kujiuliza mtoto aliyepewa jina la Hasidi tangu utotoni angekuwa nani mwingine katika hadithi ambayo mwenzake anaitwa Adili. Kaka yangu naye, akisimulia habari ya lile shamba, bila shaka majina anayagawa kinyume na ninavyoyagawa mimi. Nyani haoni kundule, na sikuwa nimewahi kuisikia methali hiyo ikinihusu.

Kasoro zipo, wala sitazificha. Mawaidha bado ni mazito, na Mwelekevu, binti anayekutwa peke yake katika mji wa mawe, anasifiwa sana lakini hapewi nafasi ya kutosha ya kuwa mtu. Hata hivyo, mwisho wake naupenda kuliko ule wa asili. Katika Alfu Lela U Lela ndugu wale wanarudishiwa ubinadamu, wanajaribu tena kumwua Abdallah, nao wanauawa; Shaaban Robert hakuwapeleka huko, bali aliwaachia nafasi ya kutubu na kupatana na ndugu yao. Nilipokuwa kijana nililiona jambo hilo kuwa ni udhaifu wa mwandishi, kwa kuwa nilitaka waadhibiwe.

Basi kirudie, ndugu yangu, ila usitegemee kukikuta pale ulipokiacha. Nakala yangu haipo nyumbani kwa sasa. Kaka aliiona mezani siku ya kikao cha ukoo akaiomba, na sijamwuliza amefika ukurasa gani.