Printa moja, kompyuta sita: achana na kushea kwa USB, ipe printa anwani yake

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Printa ya leza imechomekwa kwa USB kwenye kompyuta ya mhasibu, imesheawa kwa wengine watano, wawili wanapata kosa 0x0000011b, na mhasibu akizima kompyuta yake hakuna anayechapa. Mimi nahudumia mitandao ya ofisi ndogo hapa Dar na mpangilio huu nakutana nao sana. Ushauri wangu: usiutibu, uondoe. Umesema printa ina tundu la waya wa mtandao nyuma. Hilo ndilo la kutumia, kila kompyuta izungumze na printa yenyewe.

Kuhusu hilo kosa, utaambiwa na wengi uingie kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake ya ndani), uweke thamani inayoitwa RpcAuthnLevelPrivacyEnabled, uipe sifuri. Ni kweli, mara nyingi printa inarudi. Lakini unachofanya hapo ni kuzima ulinzi ambao Microsoft ilianza kuulazimisha Septemba 2021. Mwaka huohuo ndio ulipoibuka ule udhaifu wa kiusalama ulioitwa PrintNightmare kwenye huduma ya uchapaji ya Windows, na tangu Agosti 2021 kuweka draiva ya printa (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa) kutoka kompyuta nyingine kunadai haki za msimamizi. Ndiyo maana wenzako wanaulizwa nenosiri wasilolijua. Kompyuta yenye hesabu na mishahara ya watu siwezi kumshauri mtu yeyote aipunguzie ulinzi ili tu karatasi itoke.

Sasa kazi yenyewe. Chomeka printa kwenye rauta au swichi kwa waya, kisha kwenye menyu yake chapa ukurasa wa mipangilio ya mtandao. Utaona anwani ya IP (namba ya printa kwenye mtandao wenu), mfano 192.168.1.45, na anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe). Ukikuta IP inaanza na 169.254, jua rauta haijaipa printa anwani. Kagua waya na tundu kwanza, usiguse kompyuta yoyote.

Hatua inayofuata mafundi wengi wanairuka, na ndiyo chanzo cha ile "jana ilichapa, leo haichapi". Anwani ile ni ya kuazima. Umeme ukikatika na kurudi, rauta na printa vinawaka upya, na printa inaweza kupewa namba nyingine. Kompyuta hazina habari, zinaendelea kutuma kazi kwenye namba ya zamani. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya rauta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, ifungie MAC ya printa IP moja tu. Kama huna nenosiri la rauta, weka anwani ya kudumu kwenye printa yenyewe, ila chagua namba iliyo nje ya zile ambazo rauta inagawa, vinginevyo simu ya mgeni itapewa namba hiyohiyo na mtagongana. Ukimaliza, andika ile IP kwenye kivinjari. Ukurasa wa printa ukifunguka, mtandao uko sawa. Uwekee nenosiri hapohapo.

Draiva pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa printa, kwa modeli kamili iliyoandikwa kwenye kibandiko. Zile tovuti zinazojinadi kuwa na draiva za kila kitu ziepuke, nyingi zinakubebesha programu usizozitaka. Faili litunze kwenye flashi, kwa sababu Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji kupitia Windows Update. Tena utaokoa bando, unapakua mara moja kwa kompyuta zote sita.

Kwenye kila kompyuta futa printa ya zamani, kisha ongeza mpya kwa mkono, kwa njia ya anwani ya IP. Usikubali ile ambayo Windows imeiokota yenyewe. Mara nyingi inaunganishwa kwa njia ya Windows ya kujitafutia vifaa, inayoitwa WSD, na hiyo ndiyo niliyoiona ikidai printa haipo hewani wakati imewaka na iko tayari. Chagua TCP/IP, kwa kawaida itatumia mlango (port) 9100. Ikiendelea kusema haipo hewani, fungua mipangilio ya mlango huo uondoe tiki ya SNMP, njia ambayo Windows inaulizia hali ya printa.

Zikitoka karatasi zenye alama za ajabu mfululizo, draiva inatuma lugha ambayo printa haiielewi, kwa mfano PostScript kwenye printa inayojua PCL pekee. Badilisha draiva, usilaumu wino. Na kagua ukubwa wa karatasi: draiva nyingi zinakuja na Letter ya Marekani, sisi tunatumia A4, basi printa inasimama na kuwasha taa ikisubiri karatasi ambayo haipo ofisini kwenu. Badilisha kwenye mipangilio ya msingi ya printa, siyo kwenye waraka mmoja mmoja.

Kazi ikikwama kwenye foleni, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop spooler, futa yaliyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, halafu net start spooler. Folda yenyewe iache.

Mwenye kompyuta ya Mac hapo ofisini, kama printa ina AirPrint (njia ya Apple ya kuchapa), hahitaji draiva yoyote. Wale wa Wi-Fi wasitumie ile ya wageni, kwa kawaida imetengwa na vifaa vya ndani.

Anza na kompyuta moja, ichape ukurasa wa majaribio, uzime rauta na printa, uwashe, uchape tena. Ikipita hapo endelea na tano zilizobaki. Ukikwama niandikie modeli ya printa, toleo la Windows na IP iliyotoka kwenye ule ukurasa, nitakuangalizia.