Usisaini tani usizozipima: jibu kwa kadeti aliyeuliza kuhusu BDN, hati ya kupokea mafuta ya meli

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza Chuo cha Bahari pale Dar, umepata meli ya shehena kavu, foo-injinia wenu (injinia wa nne) ameteremshwa anaumwa, na sekandi (injinia wa pili) amekwambia mkifika Fujairah, bandari ya Emirati, wiki ijayo wewe ndiye utakayesimama kwenye manifoldi, pale mpira wa mafuta unapofungwa melini, wakati wa banka, yaani kupokea mafuta. Unauliza: "Hii BDN si risiti tu kama ya sheli? Kuna nini cha kuhofia?"

Risiti ya sheli inatoka baada ya mashine kuhesabu lita ukiwa unaitazama. BDN inaandika tani, na tani hizo hakuna aliyeziona, si wewe wala jamaa wa tishari, chombo kinacholeta mafuta. Juu ya tishari hakuna mizani. Mnachopima ni kina cha mafuta kwenye tangi na joto lake. Tani zinakuja kwa hesabu, na katikati ya hesabu hiyo imekaa namba moja ambayo muuzaji amekuja nayo mfukoni: densiti kwa nyuzi 15.

Twende na mfano. Mmepima matangi ya tishari kabla na baada, tofauti imetoka meta za ujazo 520, joto nyuzi 40. Karatasi inasema densiti ni kilo 965 kwa meta ya ujazo. Unaingia kwenye jedwali la 54B, lile la kurudisha ujazo kwenye nyuzi 15, unapata 0.9823. Mara 520, unabaki na meta 510.8 kwa nyuzi 15. Densiti unaipunguza 1.1 kwa kuwa tunapima uzito hewani, inakuwa 963.9. Jibu ni tani 492.4. Safi kabisa, kalkuleta haidanganyi. Sasa tuseme densiti halisi ilikuwa 955: hapo umepokea tani 487. Tani 5 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba hata ndoo. Na kama joto halisi lilikuwa 47 badala ya 40, toa nyingine mbili na nusu. Tani moja ikiwa dola 600, piga mwenyewe.

Hilo la joto silitoi kitabuni. Nikiwa thadi (injinia wa tatu), kwenye nanga moja ya Ghuba ambayo sitaitaja, kijana wa tishari alitumbukiza kipimajoto chake tangini, akahesabu labda sekunde kumi, akakivuta, akamulika tochi na kusema arobaini. Mimi nilishaanza kuandika. Chifu wetu, yaani injinia mkuu, Mhindi wa Kerala, mzee asiyepandisha sauti, akanishika mkono wenye kalamu. Akatoa kipimajoto chetu, akakiteremsha katikati ya kina cha mafuta, akakaa juu ya bomba akiongea habari za wajukuu zake dakika tano nzima. Kilipopanda kilisoma 47. Yule kijana hakubisha hata neno, alifuta 40 akaandika 47 kama mtu anayesahihisha herufi. Matangi mengine yote tukapima hivyo hivyo, na yale waliyosema ni matupu tukayafungua pia. Moja halikuwa tupu.

Kwa hiyo ukiwa pale, joto la kila tangi unalichukua wewe, kabla na baada, na unaliandika kwa mkono wako. Ukiteremsha tepu ya kupimia kina uangalie inarudije. Mafuta mazito yakiwa salama yanaacha mstari uliokatika vizuri. Ukikuta mstari umejaa vipovu, au ukichungulia tangini uso wa mafuta unatokota polepole kama uji, kuna hewa imepulizwa ndani. Mabaharia wanaita kapuchino. Dalili nyingine ni mpira wa kupokelea kurukaruka na kugugumia wakati tangi bado lina mafuta ya kutosha. Utapima tangi lako saa mbili usiku limejaa, alfajiri limeshuka sentimeta kadhaa na hakuna valvu iliyofunguliwa. Singapore walichoshwa na mambo haya, wakalazimisha mita zinazopima uzito moja kwa moja kwa mafuta mazito kuanzia tarehe 1 Januari 2017. Penye mita hiyo usingizi unakuja, ingawa sifuri ya mita na sili (lakiri) zake nazo unazikagua kabla ya pampu kuanza.

Sasa karatasi yenyewe. Inatakiwa na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua mazingira, Kiambatisho cha Sita: jina la meli na namba yake ya IMO, bandari, tarehe ya kuanza kupokea, jina la muuzaji na anwani na simu, aina ya mafuta, tani, densiti, salfa, na tamko la muuzaji kwamba mafuta yako ndani ya sheria. Tangu tarehe 1 Mei 2024 imeongezwa na joto la mafuta kushika mmweko: iwe namba yenyewe, au tamko kwamba lilipimwa likawa nyuzi 70 au zaidi. Kiwango cha chini cha SOLAS, mkataba wa usalama wa meli, kwa mafuta yetu ni 60. Karatasi inakaa melini miaka mitatu. Chupa ya sampuli inakaa mpaka mafuta yale yawe yamekwisha kwa sehemu kubwa, na kwa vyovyote isipungue miezi kumi na miwili. Mkaguzi wa bandari huanzia hapo, maana kukuta chupa imepotea ni kazi nyepesi kuliko kuingia matangini.

Salfa sitakaa nayo sana, chuoni mmeimba: 0.50 kwa asilimia duniani kote tangu 2020, na 0.10 kwenye maeneo maalumu kama Baltiki, Bahari ya Kaskazini na pwani za Marekani na Kanada, na tangu tarehe 1 Mei 2025 Mediterania yote. Mkipanda Suez kwenda Ulaya, hilo la mwisho linawahusu.

Kinachonikera ni kile ambacho karatasi haitaji. Iangalie tena hiyo orodha. Hakuna mnato. Hakuna maji. Hakuna joto la kuganda. Hakuna alumini na silikoni. Wauzaji wengi wanaongeza baadhi ya hivyo, lakini sheria haiwalazimishi, kwa sababu karatasi ilitungwa kulinda hewa; injini yako inalindwa na mkataba wa ununuzi unaotaja ISO 8217, kiwango cha kimataifa cha ubora wa mafuta ya meli. Mtu anakuletea BDN safi, salfa 0.48, kila sahihi mahali pake, na ndani ya mafuta mmebeba msasa.

Nasema msasa kwa sababu hizo chembe za alumini na silikoni ni mabaki ya kichocheo cha kiwandani, ngumu kiasi cha kuchimba chuma cha silinda. Kwa mafuta mazito ya daraja la RMG 380, ISO 8217 inaruhusu miligramu 60 kwa kilo wakati wa kupokea, lakini injini inataka yafike yakiwa chini ya 15. Kazi ya kuyashusha ni ya pyurifaya yako, mashine ya kusafisha mafuta, ikikimbia kwa nyuzi 98 na mtiririko wa polepole. Ukiiacha kwenye 85 kwa uvivu, chembe zinapita. Na hapa densiti inarudi tena: pyurifaya ya kizamani yenye diski haiwezi kutenganisha maji na mafuta yakivuka 991. Muuzaji akikuletea mafuta ya 1,005 ilhali mmeagiza ya 991, shida yako siyo tani tena.

Mnato nao umebadilika. Zamani ukisikia mnato wa 380 ilikuwa 380, unapasha mpaka kama nyuzi 135 na maisha yanaendelea. Haya ya salfa ndogo ya leo, bandari hii yanakuja na mnato wa 300, bandari ijayo 40. Injini inataka sentistoki (kipimo cha mnato) 10 hadi 15 mlangoni. Ukipasha yale ya 40 kwa mazoea ya zamani, yanakuwa membamba kama mafuta ya taa na pampu zinavuja ndani. Fuata kipima mnato, achana na kipimajoto. Mengine yana nta nyingi. Tangi lake ulitunze angalau nyuzi 10 juu ya joto la kuganda, la sivyo mkienda kaskazini mwa China mwezi wa Januari utasukuma jeli. Na kamwe usiyachanganye mapya na ya zamani tangi moja kabla ya maabara kusema. Mafuta mawili mazuri yakikutana yanaweza kuzaa tope la kuziba kila chujio ulilonalo.

Ndiyo maana sampuli ni muhimu kuliko karatasi, na hapa nikuambie nilivyoungua. Mwaka wangu wa pili kama thadi, banka ilianza saa nane usiku, joto la kukausha koo. Jamaa wa muuzaji akaja na lebo tupu, akaniomba nisaini zote nne mapema "tusichelewe baadaye". Nikasaini. Chupa zilijazwa upande wa tishari, mimi nikiwa nahangaika na valvu. Zile tulizodondosha wenyewe kwenye manifoldi yetu nilizifunga vizuri, lakini namba zake za sili sikuziandikisha kwenye BDN. Wiki chache baadaye ringi za pistoni namba tatu zilikuwa zimeliwa. Maabara yetu ilisoma alumini na silikoni 78. Chupa ya muuzaji, yenye sahihi yangu na namba iliyomo kwenye BDN, ilisoma 41. Unafikiri ni chupa ipi iliyosikilizwa? Kampuni ilibadilisha silinda laina mbili kwa fedha zake, na mimi niliandika maelezo kurasa tatu.

Sampuli ya kisheria inadondoshwa tone kwa tone muda wote wa kupokea, kwenye manifoldi ya meli inayopokea, na kila chupa iwe na angalau mililita 400. Kifaa kikishafungwa, sili uiweke wewe na uipige picha na simu. Mwisho wa kazi mafuta yanatikiswa, yanagawanywa kwenye chupa zote mbele ya pande mbili, lebo zinajazwa ndipo zinasainiwa, na namba ZOTE zinaingia kwenye BDN, za kwao na za kwenu. Hata vipimo vya kawaida havikamati kila kitu: mwanzoni mwa 2022, Singapore, meli karibu 200 zilipokea mafuta yenye kemikali za klorini, na kama 80 hivi zikaharibikiwa pampu au injini. Ukiwa na chupa yako, angalau maabara ina pa kurudi.

Umeuliza pia ukikataa kusaini itakuwaje. Kwanza, BDN anasaini chifu, si kadeti. Pili, kukataa kabisa mara nyingi hakufai, maana meli haiondoki bila karatasi hiyo. Chifu wangu alikuwa anaandika juu ya sahihi yake: "Napokea ujazo huu kwa joto lililopimwa tu, uzito utathibitishwa baada ya maabara kupima densiti." Baadhi ya wauzaji mikataba yao inakataza maandishi yoyote au mihuri kwenye BDN, hasa ule muhuri wa kusema mwenye meli hadaiwi mafuta yaliyoagizwa na mkodishaji. Wenye meli wana haki ya kuung'ang'ania: OW Bunker, kampuni ya Denmark ya kuuza mafuta ya meli, ilipofilisika Novemba 2014, meli zilijikuta zinadaiwa mafuta yale yale na pande mbili. Wakikukatalia kuandika, andikeni barua ya malalamiko pembeni, itajwe saa na vipimo, muwape wasaini kupokea. Wasiposaini, andikeni kwamba wamekataa. Lakini itoke siku ile ile, kabla mpira haujafunguliwa. Ya kiasi hayasubiri kesho. Ya ubora yana siku zake mkatabani, kwingine wiki mbili, kwingine mwezi.

Karatasi yako wewe ni ile ya vipimo: tangi, saa, kina, joto, nani alikuwepo. Jamaa akikuletea katoni ya soda kabla hujafungua tangi la kwanza, mwambie asante, iweke hapo kwenye ngazi, halafu muombe afungue na lile analosema ni tupu.