Lori la Bakari

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Zuhura,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi miwani ilipopatikana (ilikuwa kwenye mkoba wa mama yako mdogo, usiniulize ilifikaje huko). Sisi hatujambo, goti tu ndilo lina mambo yake. Umeuliza: unashuka na wajukuu zangu kutoka Arusha kwa basi, peke yako, baba Yusra hana likizo. Njia ni zaidi ya kilomita 400, mchana kutwa. Je, uwanunulie matoi gani ya kuwatuliza njiani, au uwape tableti yaishe? Na ukamalizia, "Mama, jibu kwa ufupi."

Kwa ufupi: mpe mtoto dirisha.

Najua hukuuliza habari za viti. Lakini nimewasafirisha ninyi watatu miaka yote ile, na nimeona akina mama wanapanda na mfuko mzima wa midoli, halafu mama mwenyewe anakaa dirishani kwa ajili ya upepo, mtoto kabanwa katikati anatazama mgongo wa kiti cha mbele saa sita nzima. Hata mimi mtu mzima ningepiga kelele. Kata viti viwili, mume wangu Nasri umpakate, mke mwenzangu Yusra akae dirishani. Yeye, si wewe. Dirisha ni la mtoto.

Hapo sasa pana neno. Ukitoka Moshi kuja huku milima yote iko kushoto: Upare mpaka Same na Hedaru, kisha Usambara inakupokea na kukusindikiza mpaka Mombo na kuendelea. Kwa hiyo kushoto ndiko kwenye vya kutazama. Lakini mkiondoka asubuhi, jua nalo liko kushoto, linawapiga mpaka karibu adhuhuri. Kulia mtapata kivuli na nyika. Nimeliwaza hili tangu jana. Kivuli kitamfaa Nasri, milima itamfaa Yusra. Na joto la Same unalijua. Basi kaa kulia. Hapana, kaa kushoto, ubebe kanga ya kuziba jua. Kushoto, nimesema.

Matoi nayo nakuja, usije ukasema nimekukwepa.

Vichache, vitatu au vinne, na visitoke vyote kwa pamoja. Kimoja mkishaiacha Moshi, kingine Same, na kimoja kiwe akiba ya Korogwe, maana baada ya Korogwe ndipo mtoto anapouliza "tumefika?" kila kona. Kisiwe chenye vipande vingi. Kisiwe kinachoviringika: penseli ya duara ikianguka ndani ya basi haianguki, inasafiri. Itaanzia kwenye kiti chako, dereva akikanyaga breki inakwenda kumsalimia yeye. Zipo kalamu za rangi zenye pembe tatu, hizo zinatulia. Za nta usiziweke juani dirishani, utakuta uji.

Nasri ana miaka miwili, kila kitu kwake ni chakula. Kipimo changu cha kliniki unakijua: chukua kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu kinachoweza kupita humo ndani kinaweza kumkaba mtoto. Kipitishe, kikipita kiache nyumbani. Na yale matoi yanayolia na kuwaka taa, geuza utazame kifuniko cha betri kama kimefungwa kwa skrubu. Vile vibetri bapa kama sarafu, mtoto akimeza kimoja kikakwama kooni, ndani ya saa mbili kinaweza kuwa kimeshamchoma vibaya. Saa mbili, Zuhura, na ninyi mko katikati ya nyika ya Mkomazi. Mimi nisingebeba toi la betri hata kwa kulipwa. Na abiria wengine nao wana masikio.

Halafu vitabu vya kupaka rangi. Vizuri, lakini Yusra ni wako, na wewe ulikuwa unatapika mpaka Muheza tu hapo. Watoto wa kuanzia miaka miwili mpaka kumi na miwili ndio wanaoshikwa zaidi na kichefuchefu cha gari. Sikio kwa ndani linasema tunakwenda, jicho lililoinamia kitabu linasema tumetulia, wanagombana wawili hao na tumbo ndilo linalolipa. Dawa yake ya kwanza ni kuinua macho na kutazama mbali. Na mbali kunatazamwa wapi? Dirishani. Unaona sasa sikupotea.

Safari ya Lushoto hukumbuki. Ulikuwa na miaka minne, ulilala begani kwa baba yako tangu Muheza. Mwaka 1991, harusi ya shangazi yenu mdogo. Lakini lori la kaka yako Bakari nadhani unalikumbuka, maana lilikuwa linalala kitandani pamoja nanyi na lilikuchana goti.

Mjomba wenu ndiye aliyemsaidia kulitengeneza. Fremu ya waya, bodi la kopo la maziwa ya unga lililofunuliwa na kukunjwa pembe, magurudumu ya kandambili: matatu mekundu na moja la bluu, kwa kuwa kandambili nyekundu iliisha. Usukani ulikuwa ule mrefu wa kuendeshea umesimama. Usiku wa kuamkia safari nilimkuta Bakari jikoni, miaka sita, amekaa chini anaukunja usukani kwa mpini wa upawa wangu ili lori lienee kwenye basi. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameshafikiri: kiti, miguu ya watu, nafasi. Nikamwambia akalale.

Na dirisha nilimpa. Hilo sina deni. Tangu Tanga mpaka Segera alikaa dirishani anaendesha lori kwenye ile kingo ya chini ya kioo, na kila lori la kweli likitupita la kwake linapunguza mwendo, linapisha. Hakuwa anapiga kelele yoyote. Mdomo tu unatetemeka, brrr, kwa chinichini.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye kanga mpya. Tulipokaribia Korogwe akasema, "Mwanao ana waya." Basi. Maneno matatu. Miaka yote nimekuwa nikisimulia kwamba yule mama alikuja juu, kwamba kanga yake ilichanika, kwamba konda aliingilia. Hata baba yako, aliyekuwa kiti kingine, alifariki akiamini hivyo. Konda hakuingilia, Zuhura. Kanga haikuchanika. Yule mama alisema maneno matatu, mengine yote niliyasema mimi kichwani mwangu.

Kwa sababu tulikuwa tunakwenda ukweni. Ninyi nimewavika nguo za Idi, viatu nimevipaka mafuta, halafu mjukuu wa kwanza wa kiume ashuke Lushoto mbele ya wakwe zangu amekumbatia kopo na waya kama mtoto asiye na mtu? Na nilikuwa nimejiandaa. Ndani ya mkoba nilikuwa na gari la plastiki, la njano, nimelinunua dukani Ngamiani kwa pesa ambazo sitazitaja. Lilikuwa bado kwenye karatasi lake.

Basi likasimama stendi ya Korogwe. Unajua ilivyo, vikapu vinapanda mpaka dirishani, machungwa, korosho, mayai ya kuchemsha. Palikuwa na mtoto wa miaka tisa hivi, peku, ana machungwa kwenye beseni. Nikalitoa lori mikononi mwa Bakari, nikampa yule mtoto kupitia dirishani. Kupitia dirisha lile lile. Nikasema, "Chukua." Akaweka beseni chini, akalipokea kwa mikono miwili. Hakusema asante, alikuwa analitazama.

Bakari hakulia. Laiti angelia. Basi likaanza kuondoka, yeye kageuka, kapiga magoti juu ya kiti, anatazama nyuma. Yule mtoto alikuwa ameshaanza kulisukuma vumbini. Bakari akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hajui breki iko wapi."

Mimi sikujua kama lina breki. Lilikuwa nayo, kipande cha kandambili kilichofungwa kwa uzi, ukivuta kinabana gurudumu la nyuma. Mjomba wenu alinieleza baadaye. Miezi mitatu lile lori linapita miguuni mwangu, nalipiga teke, nalitoa njiani, sikuwahi kulitazama.

Lile la njano nikampa. Alilishika mpaka Mombo kwa adabu. Tulipoanza kupanda mlima, zile kona za kwenda Soni, gurudumu moja likachomoka. Akanirudishia vyote viwili, gari na gurudumu, akasema, "Weka, Mama, lisipotee." Wakwe hata hawakulitazama. Walikuwa na harusi.

Sasa usiniambie watoto husahau. Huenda husahau, sijui. Siku tunarudi, siku ya nne, tulipoingia Korogwe nilimwona anafuta kioo kwa kiwiko na kusogeza uso mpaka pua ikabandika. Anamtafuta. Mimi nikafumba macho nikajifanya nimelala. Kama yule mtoto alikuwepo na beseni lake au hakuwepo, sijui mpaka leo. Niliyafumbua tulipofika Hale.

Bakari ana miaka arobaini. Hajawahi kulitaja. Kuna siku nimeishika simu nimuulize, nikaishia kumuuliza kama amekula.

Kwa hiyo ukiniuliza toi gani, mimi nasikia swali jingine: toi la nani? Maana mengi tunayonunua kwa ajili ya safari tunamnunulia abiria wa pembeni, na wakwe, na mtu wa kutuona stendi. Mtoto keshachagua lake. Muulize Yusra anataka kubeba nini, kisha ufunge mdomo. Akisema anabeba kifuniko cha sufuria, abebe kifuniko cha sufuria. Ila chenye ncha mkifunge kitambaa, nisije nikaonekana sikujifunza upande wa pili. Waya kwa kweli ungeweza kumchoma mtu jicho basi likifunga breki. Yule mama hakukosea. Hapo ndipo ninapokwama kila nikilifikiria: ningeweza kulifunga kwa mtandio wangu nikaliweka chini ya kiti mpaka Lushoto. Mtandio nilikuwa nao begani.

Tableti. Siamui, ni wanao, na zama ni zenu. Naelewa mama mmoja na watoto wawili siku nzima si mchezo, na kama Nasri ataamka analia karibu na Mombo utahitaji msaada wa mtu yeyote, hata wa katuni. Mimi nilikuwa na baba yako safarini, wewe utakuwa peke yako. Kwa hiyo siamui. Isipokuwa tableti nayo inainamisha macho, na habari ya tumbo nimeshakueleza. Isipokuwa pia tangu Mwanga mpaka Korogwe reli inakwenda ubavuni mwa barabara, inapotea, inarudi, na babu yako mzaa mama aliifanyia kazi maisha yake yote, reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Yusra anaweza kuihesabu mara ngapi inarudi. Na kuna mkonge, mistari mpaka macho yanachoka. Na vitendawili: alipokuwa huku alinitega kimoja cha kwake mwenyewe, "Nyumba yangu inakimbia, watu wake wamekaa," nikashindwa, nikampa mji. Basi, alisema, kumbe basi! Akaomba tena mji mwingine kwa kuwa nilichelewa kujibu. Mtoto wa hivyo unampa kioo cha kutelezesha kidole? Lakini nimesema siamui. Ukiibeba, ichaji usiku, na sauti iwe ya chini.

Nasri mpe ile kanga yangu anayoinyonya ncha. Hilo ndilo toi lake, usihangaike.

Korogwe basi litasimama. Mpe Yusra hela mkononi, anunue machungwa mwenyewe dirishani, achague mwenyewe hata kama atachagua mabovu. Mimi nitakuwa stendi ya Kange kabla yenu.

Barua hii usimpelekee Bakari. Akiuliza mwenyewe ni jambo jingine.

Mama yako

Tena: ukikata tiketi nitumie namba za viti mapema, nijue kama ni kushoto.