Maswali na Majibu: Sare Nayo ni Matokeo

Kombe la Dunia la 2026 limekaribia, na kila ofisi, kijiwe na kibanda umiza kina karatasi yake ya utabiri. Maswali yamekuwa mengi. Nimechagua yanayohusu hatua ya makundi tu, maana huko ndiko watu wanakopoteza pointi zao za utabiri (na fedha zao, tutafika huko) kwa makosa yaleyale ya kila mashindano.

Shikamoo mzee. Nimeshapanga wa kwanza na wa pili katika makundi yote 12. Hawa wa nafasi ya tatu ndio wananisumbua. Nawapangaje? (Morogoro)

Marahaba. Umeuliza swali ambalo wenzako wanaliruka, halafu wanashangaa karatasi zao zimekufa kabla mtoano haujaanza.

Safari hii timu ni 48, makundi 12, na washika nafasi ya tatu wanane wanapita. Wanane kati ya 12 ni uwiano uleule wa wanne kati ya sita tunaouona AFCON tangu ilipopanuliwa kuwa ya timu 24, mwaka 2019 kule Misri. Kwa hiyo usihangaike na wachambuzi wa Ulaya. Mwongozo tunao hapa hapa Afrika, wa fainali nne.

Tuanze na pointi 4. Katika fainali zote nne hakuna timu iliyoshika nafasi ya tatu kwa pointi 4 ikaachwa. Ukiona timu yako ina dalili ya ushindi mmoja na sare moja, iandike imepita na ulale.

Pointi 3 ndipo penye kazi. Comoro walipita nazo Januari 2022 wakiwa na tofauti ya mabao hasi 2. Ivory Coast walipita nazo Januari 2024 wakiwa na hasi 3. Kenya 2019 walikuwa nazo hizohizo 3 wakarudi Nairobi, kwa sababu waliifunga Tanzania 3-2 (sitaki kulikumbuka) lakini wakalala 2-0 kwa Algeria na 3-0 kwa Senegal. Piga hesabu: wangefungwa bao mojamoja katika mechi zile mbili, wangekuwa na hasi 1 na mabao matatu ya kufunga, na wangeipiku Afrika Kusini iliyopita ikiwa na hasi 1 na bao moja tu.

Ndiyo maana nawaambia msitabiri nani atafungwa, tabirini atafungwaje. Kuna timu ikishakuwa nyuma 1-0 inajifungia nyuma na kuondoka na hiyohiyo. Kuna nyingine inafunguka kutafuta la kusawazisha na kuondoka na tatu. Ya kwanza ndiyo ya kuweka kwenye orodha yako ya wanane.

Taifa Stars kupita makundi AFCON 2025 kwa pointi mbili, si ilikuwa bahati tu? (Arusha)

Bahati ilikuwepo. Allan Okello wa Uganda alikosa penalti dakika za majeruhi mechi ikiwa 1-1; ingeingia, tusingekuwa na mazungumzo haya. Lakini neno "tu" ndilo linaloniudhi, kwa sababu anayelisema hajaangalia hesabu ya usiku ule wa Desemba 30 mjini Rabat.

Tulikuwa tumefungwa na Nigeria 2-1, tumetoka 1-1 na Uganda. Mabao mawili ya kufunga, matatu ya kufungwa, pointi moja. Angola walikuwa wameshamaliza kundi lao siku moja kabla: pointi 2, mabao mawili ya kufunga, matatu ya kufungwa. Comoro nao walikuwa na pointi 2 na tofauti ya hasi 2. Sasa tazama. Kama mechi yetu na Tunisia ingeisha suluhu ya 0-0, tungelingana na Angola kila kitu: pointi, tofauti, mabao ya kufunga. Lakini ikawa 1-1. Bao lile la Feisal Salum mwanzoni mwa kipindi cha pili lilitufanya tuwe na matatu ya kufunga dhidi ya mawili ya Angola, na filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumeshapita bila kusubiri kundi lingine lolote.

Watu waliotabiri "Tunisia atashinda" walikosea. Waliotabiri "sare" walipatia. Ila aliyejua kwamba 1-1 na 0-0 si kitu kimoja usiku ule, huyo ndiye ninayetaka asome safu hii. Na kwa wanaodhani aibu hii ya pointi mbili ni yetu peke yetu: Uruguay walipita makundi ya Kombe la Dunia 1986 kwa sare mbili na kipigo cha 6-1 kutoka kwa Denmark. Hakuna aliyewarudisha uwanja wa ndege.

Kombe la Dunia hili Tanzania ipo kundi gani? (hakutaja alipo)

Haipo. Kundi letu la kufuzu alipita Morocco.

Bro, naomba mkeka wa uhakika wa mechi kumi za kwanza, odi zisipungue 50. (Mbagala, Buza, Kahama, Tunduma na kwingineko)

Nimeunganisha ujumbe wenu wote kuwa mmoja kwa sababu ni mmoja. Nimeshaujibu kabla ya AFCON, nimeujibu kabla ya CHAN (ile ya wachezaji wa ligi za ndani Afrika), na nitaujibu tena kwa sababu shule za hesabu mlipita nje.

Mkeka ni dau moja la mechi nyingi: ukikosea moja, wote umekufa. Chukua mechi kumi ambazo una hakika nazo sana. Tuseme kila moja, ukiirudia mara 100, unapatia 70. Hiyo ni hakika kubwa kuliko ya mchambuzi yeyote ninayemfahamu. Zizidishe zote kumi pamoja: unabaki na nafasi isiyofika 3 kati ya 100. Yaani mkeka wako "wa uhakika" utachanika mara 97, na mara nyingine utachanwa na mechi moja ya mwisho, ili ujione ulikaribia na urudi kesho. Kukaribia huko ndiko kunakouza.

Halafu kuna hawa wanaouza "mechi zilizopangwa" kwenye makundi ya Telegram. Mbinu yao ni nyepesi mno. Watu mia wanaambiwa timu A itashinda, mia wengine wanaambiwa timu B. Baada ya mechi, mia waliopatia wanaombwa hela ya mechi ijayo, na wale mia wengine wanafungiwa mlango. Aliyepatia mara tatu mfululizo anaamini amempata nabii. Kama mtu anajua matokeo ya mechi ya Kombe la Dunia, ana shida gani na elfu kumi yako?

Tabirini kwa karatasi, mbishane, anayeshindwa anunue soda. Ada ya mtoto si mtaji wa mkeka, na mkopo wa kwenye simu ndiyo kabisa.

Natumia rekodi za timu zilipokutana zamani. Ni sahihi? (Dodoma)

Hapana. Waliocheza mechi za 2006 sasa ni makocha na wengine vitambi vimewaota.

Kundi C lina Brazil, Morocco, Scotland na Haiti. Nimempa Brazil pointi zote 9. Nimekosea? (Tanga)

Umefanya kosa ninalolipigia kelele kila mara: umetabiri mechi ya tatu kama vile ni ya kwanza.

Mechi ya kwanza timu zinaogopana. Ya pili ndipo mkubwa anaposhinda. Ya tatu haiangalii nani mkubwa, inaangalia nani anahitaji nini. Qatar 2022 hakuna timu hata moja iliyoshinda mechi zake zote tatu za makundi. Ufaransa, wakiwa wameshapita, walipumzisha karibu kikosi kizima wakafungwa na Tunisia 1-0. Brazil, nao wakiwa wameshapita, walipigwa 1-0 na Cameroon kwa kichwa cha Vincent Aboubakar, aliyevua jezi kushangilia akala kadi nyekundu. Ureno walifungwa na Korea Kusini siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa umetaja kundi hili hasa, wazee wa Morocco wana jeraha lake. Ufaransa 1998, Brazil, Morocco na Scotland walikuwa kundi moja, wa nne akiwa Norway. Siku ya mwisho Morocco waliipiga Scotland 3-0, na kwa muda mrefu walikuwa wamepita, kwa sababu upande wa pili Norway walikuwa hawajaishinda Brazil iliyokwisha kufuzu: ilikuwa 0-0, kisha dakika ya 78 Brazil wakaongoza 1-0. Norway wakasawazisha, kisha wakapata penalti dakika za mwishoni, 2-1. Morocco wakatolewa na mechi wasiyoicheza.

Safari hii Brazil na Morocco wanaanza wao kwa wao. Mimi nimeandika sare. Brazil 7, Morocco 7, Scotland 3, Haiti bila kitu. Atakayeongoza kundi ataamuliwa na nani kamfunga Haiti mengi. Morocco iliyotoka 0-0 na Croatia katika mechi yake ya kwanza Qatar, ikamaliza kinara kwa pointi 7 na kufika nusu fainali, haifungwi kirahisi mechi ya ufunguzi. Wewe na 9 zako endelea.

Kwa nini mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja? Zinatunyima burudani. (Nakuru)

Waulize Waalgeria. Mwaka 1982 kule Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani unawapitisha wote wawili na kuitoa Algeria iliyokwisha kumaliza mechi zake. Wajerumani wakafunga mapema, halafu mpira ukapigwa pasi za kando hadi mwisho. Tangu 1986 mechi za mwisho za kundi zinaanza pamoja.

Lakini dawa hiyo inatibu ndani ya kundi tu. Mfumo wa washika nafasi ya tatu umerudisha ugonjwa kwa mlango wa nyuma, na hapa mtabiri makini anaweza kuvuna. Makundi hayamalizi siku moja. Kundi B linamaliza la kwanza, halijui chochote. Kundi J linamaliza la mwisho, likijua kila kitu. Ivory Coast 2024 walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, wakamfukuza kocha, wakakaa siku mbili wakisubiri, hadi Morocco alipomfunga Zambia 1-0 ndipo wakafufuka. Anayemaliza mwisho hana presha hiyo. Akijua sare inamtosha, na mpinzani wake naye inamtosha, mnatarajia nini? Katika makundi ya herufi za mwisho, mechi za raundi ya tatu, mimi naongeza sare bila kuona haya.

Na msiniambie kwamba kuna aibu. Japan 2018, wakiwa wamefungwa 1-0 na Poland, walipasiana dakika za mwisho bila kushambulia kwa sababu walikuwa na kadi za njano chache kuliko Senegal. Wakapita wao.

Ukiweka sare nyingi si unakuwa mwoga? (Bukoba)

Kundi F, AFCON iliyochezwa 2024: mechi sita, sare nne. Kundi A, AFCON 2025: mechi sita, sare nne. DR Congo walitoka sare zote tatu wakashika nafasi ya pili na kufika nusu fainali. Mali nao walitoka sare zote tatu, nafasi ya pili. Benin 2019 walifika robo fainali bila kushinda mechi hata moja ndani ya dakika 90. Ureno 2016 walitoka sare zote tatu za kundi wakabeba Euro.

Karatasi nyingi ninazotumiwa zina mechi 72 na sare nne au tano. Huo si ujasiri, ni uvivu.

AFCON 2027 tupo nyumbani sisi, Kenya na Uganda. Wenyeji si wanapita makundi moja kwa moja? (Mwanza)

Hakuna kanuni kama hiyo. Afrika Kusini 2010 walitolewa makundi kwao. Qatar 2022 walifungwa mechi zote tatu. Gabon 2017 walitoka sare tatu nyumbani wakaaga, lakini hiyo ilikuwa AFCON ya timu 16, ambapo wawili tu walipita. Kwa mfumo wa sasa pointi zile 3 na tofauti sifuri zingewatosha. Wenyeji wana faida, ila mfumo wa timu 24 una faida kubwa zaidi.

Kwenye CHAN ya Agosti 2025 wenyeji wote watatu tulipita makundi, na wote watatu tukaishia robo fainali. Ukinilazimisha niandike leo kabla ya droo, naandika vilevile kwa makundi. Robo fainali tuiombe kwanza.

Nani atabeba Kombe la Dunia? (Ubungo)

Hii ni safu ya makundi. Yanaisha Juni 27, niulize tarehe 28.